Waraka Uliorudi Ujiji

Mtu asiyepata kusafiri ziwani hudhani kuwa ziwa ni bwawa kubwa tu. Nami nilikuwa katika kundi hilo. Aliyezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, akakulia kwa mvumo wa kusi na kaskazi, huona kuwa maji yasiyo chumvi ni ya kunywa na kutawadhia, si maji ya kuogofya. Lakini usiku wa kwanza nilioulala ndani ya meli Liemba katika ziwa Tanganyika nilisoma Ayatul Kursiyyu mara saba, na baharia mmoja wa Kigoma akanicheka waziwazi. Akaniambia, "Mzee, hapa chini yako pana zaidi ya kilomita nzima ya maji." Kauli hiyo haikunipa usingizi. Baadaye nilikuja kusoma kuwa hakuongeza chumvi: ziwa hili lina kina cha kiasi cha mita 1,470 pale palipozidi, na duniani hakuna ziwa linalolipita kwa kina ila Baikal la Urusi.

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa nimekwenda Lusaka kwa arusi ya mpwa wangu, na wakati wa kurudi ukanijia moyo wa kutopanda ndege. Kwa nini nisipande basi mpaka Mpulungu, nikachukua meli, nikashuka Kigoma, nikazuru Ujiji, kisha nikateremka pwani kwa gari la moshi? Jamaa zangu waliniona nimepungukiwa na akili. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa ndani ya bahasha katika mkoba wangu. Nitaieleza kwa wakati wake.

Kwanza nimalize habari ya meli, maana nayo ni makumbusho yanayoelea. Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafumuliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kuteremshwa majini mwaka 1915. Jina lake la kwanza lilikuwa la Graf von Götzen, yule gavana aliyetawala wakati wa Vita vya Majimaji. Julai 1916, Wajerumani walipoona kuwa Kigoma itawatoka, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi, kama mtu anayekunja nguo ya sikukuu na kuitia sandukuni. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ilipofika 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ndilo jina walilokuwa wakiliitia ziwa hilo watu wa upande wa kusini. Mwaka mmoja kabla sijaipanda mimi, yaani 2015, ilikuwa ikibeba wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga kuwapeleka Kigoma. Miaka michache baada ya safari yangu ilisimamishwa ili ifanyiwe ukarabati, kwa hivyo namshukuru Mola aliyeniwahisha.

Bandari zenye gati katika safari ile zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kwingineko meli ilisimama mbali na pwani, ikapiga honi, na papo hapo giza likajaa mashua. Zilikuja kwa makasia na kwa mashine, zikagombania ubavu wa meli, na watu wakapanda na kushuka kwa mlango ulio ubavuni, na magunia ya dagaa, na kuku, na godoro, na mtoto mchanga anayepitishwa mkono kwa mkono kama tenga la mayai. Kipili, Karema, Ikola: kila mahali ilikuwa ghasia ile ile, na kila mahali kilikuwa Kiswahili. Nilisimama ukingoni nikisikiliza matusi na salamu kwa lugha ya mama yangu, bahari ikiwa mbali nami kwa mamia ya kilomita.

Tulitia nanga Kigoma Jumapili. Treni yangu ilikuwa iondoke siku ya pili jioni, basi nilikuwa na siku moja na nusu tu. Mji wenyewe si mkubwa kwa mgeni: barabara moja inayoteremka baina ya miembe mpaka stesheni, ambayo ni jengo kubwa la Wajerumani lenye matao, limesimama pale reli inapokomea, kwani baada ya hapo ni maji. Reli hiyo ilifika mwaka 1914, vita vikiwa mlangoni. Iko pia nyumba ambayo wenyeji huiita ya Kaiser. Husimuliwa kuwa ilijengwa ili mfalme wa Wajerumani afikie humo atakapokuja kuwinda, na mfalme hakuja. Kwa kuwa ni nyumba ya serikali sikuona ila paa lake, nami sikujuta. Safari yangu haikuwa ya kutafuta kitanda cha Kaiser.

Nilipanda daladala mpaka Ujiji, mwendo mfupi kusini mwa Kigoma. Ndugu msomaji, nilipokanyaga tu nikasikia kama nimeshuka Kibokoni siku nisiyoijua. Nyumba zina baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Wazee wamekaa barazani na kofia zao. Mwanamke amejitanda kanga, anapita na sinia kichwani. Watoto wa chuo wanasikika wakifuata sauti ya mwalimu, na mmoja wao, kama kawaida, yuko nyuma ya wenzake kwa aya nzima. Miembe nayo ni mikongwe, ile ile ambayo watu wa misafara walikuwa wakiipanda kila walipoweka kituo, mpaka njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ikawa yatambulika kwa vivuli. Njia hiyo yenyewe ni kilomita zipatazo 1,200, na mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiorodhesha kwa UNESCO miongoni mwa mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Iliitaja kwa jina lake bila kuficha: njia ya watumwa na pembe.

Makumbusho yako pale ambapo, kwa mapokeo, Stanley alikutana na Livingstone. Tarehe aliyoitoa Stanley ni 10 Novemba 1871, ingawa wako wataalamu waliohesabu siku zake upya na kuona kuwa alikosea. Pana nguzo ya mawe yenye ramani ya Afrika, na miembe ambayo husemwa kuwa ni vitukuu vya ule mwembe wenyewe. Ndani wamesimama wazungu wawili wa kufinyangwa, kimo cha mtu, kila mmoja amevua kofia kumwamkia mwenziwe. Rangi imewapotea kidogo. Kijana mtembezaji alinieleza vyema, kwa adabu, na alipofika kwenye yale maneno mashuhuri aliyosema Stanley alinyoosha mkono na kuvua kofia isiyokuwapo. Nikampa haki yake nikacheka.

Nikamwuliza, "Na ziwa? Mbona vitabu vyasema walikuwa karibu na maji, nami sioni maji?" Akanionyesha kwa kidole, mbali, nyuma ya mashamba. Maji yamejitenga na mwembe. Habari yake ni kuwa Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 aliukuta mto Lukuga, upande wa Congo, umezibwa kwa tope na matete. Baada ya miaka michache kizuizi kikapasuka, ziwa likapata mlango wa kutokea, na kina kikashuka mita nyingi. Ujiji ikaachwa nchi kavu. Kigoma, yenye ghuba yenye kina, ndiyo iliyoinuka.

Sasa niseme lililonikera na lililonisuta, maana yote mawili yalinipata katika chumba kile kile. Lililonikera ni kuwa mtu akiingia pale asiyejua kitu, atatoka akidhani Ujiji ulikuwa mwembe tu, na wazungu wawili chini yake. Lakini Burton na Speke walipofika Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuijua njia. Siku ile ya 1871, aliyetangulia kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na waliokuwa wamesimama kandokando ya mzee yule mgonjwa ni watu wa mji, akiwemo Muhammad bin Sali na Muhammad bin Gharib. Huyu Bin Gharib ndiye ambaye mwanzo wa 1869, Livingstone alipokuwa hoi kwa ugonjwa wa mapafu, alimchukua katika msafara wake, akabebwa kwa machela mpaka ziwani. Susi na mwenziwe Chuma ndio walioongoza kundi lililoichukua maiti ya bwana wao, aliyekufa 1873, kutoka katikati ya Zambia ya leo mpaka Bagamoyo kwa miguu. Kwa watu kama hao ningetaka nione angalau sanamu moja ya kimo cha mtu.

Lililonisuta ni la upande wa pili. Huyo huyo Bin Gharib, mwenye huruma na mgonjwa, alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Na Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871, alikuwa ametoka kuyaona kwa macho yake mauaji ya soko la Nyangwe ya mwezi wa Julai, ambapo watu wa misafara yetu waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza muhogo na samaki, wakafa mamia, wengi wao kwa kuzama mtoni. Akafika Ujiji akakuta mali yake yote imeuzwa na sharifu aliyekabidhiwa. Kwa mujibu wa daftari za Livingstone, sharifu huyo alidai kuwa alitazamia kwa Msahafu akaona kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Mimi niliyelelewa chuoni, niliyepigwa viboko kwa kuuweka Msahafu chini ya kitabu kingine, nilipolisoma jambo hilo zamani niliona haya kana kwamba ni mimi niliyeuza.

Nikiwa ndani mle wakaingia watoto wa skuli, kiasi cha arubaini, na mwalimu wao. Ukutani palikuwa na picha ya msafara: watu wamefungwa minyororo shingoni, na mbele yao mtu wa kanzu, kilemba na ndevu. Nami siku ile nilikuwa nimevaa kanzu, kofia ya viua, na ndevu zenye kuingia mvi. Mtoto mmoja, hazidi miaka minane, alitazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha tena, kisha akamvuta mwalimu wake nguo na kusema kwa sauti safi kabisa, "Mwalimu, ni huyu hapa." Mwalimu alitaka ardhi immeze. Akaniomba radhi mara tatu. Nilimwambia hapana neno. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na ile bahasha.

Basi nieleze. Babu wa babu yangu aliondoka Mombasa angali kijana, akenda Unguja, akakopa bidhaa kwa tajiri wa Kihindi kama walivyokopa wote, hata Tippu Tip mwenyewe kwa Taria Topan, akavuka Bagamoyo na kufuata njia ya bara. Hakurudi. Lililorudi ni waraka mmoja, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ulioandikwa Ujiji mwezi wa Rajab mwaka 1302 Hijria, yaani 1885. Baadaye ikaja habari kuwa ndui imemchukua. Waraka ule kwetu ni kama hirizi ya ukoo. Kila penye arusi au maulidi ya nyumbani, marehemu baba yangu aliutoa katika mfuko wa hariri akausoma, na kinamama wakalia pale mwandishi anapomwulizia mamaye.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, chuo kilikuwa kimenipa macho ya kusoma hati, nikamchungulia baba begani. Nikaona kuwa kutoka mstari wa nne alirukia wa sita. Baadaye nilimwuliza. Akasema, "Hapo wino umefifia." Wino haukufifia. Mstari wa tano ulikuwa mweusi kama masizi, nao ulisema kuwa ameshapata pembe saba na watumwa kumi na wanne, wanne wao wadogo, na kuwa atawateremsha wote pwani njia ikitulia. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu 1873, miaka kumi na miwili kabla ya waraka huo. Alijua, maana aliandika wapitishwe wapi. Sikumwuliza baba tena mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Baada ya sala ya adhuhuri nilimweleza imamu haja yangu: natafuta nyumba au kaburi la mtu wa Mombasa wa zamani hizo. Alitabasamu, kwani makaburi ya watu wa pwani pale ni mengi na hayana majina. Lakini akanipeleka kwa bibi mmoja, mkongwe, Mmanyema kwa asili, ambaye alisema kuwa ndiye daftari la mji.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe watoka pwani, tena si pwani ya Dar es Salaam. Kaa."

Nikakaa mkekani. Akanieleza kuwa bibi yake mzaa mama alivushwa ziwa akiwa mdogo wa kubebwa, kutoka ile milima ya ng'ambo ambayo siku ya mbingu safi huonekana kutoka pwani ya Ujiji. Akalelewa katika nyumba ya mtu wa misafara, akafunzwa sala, akaolewa, akazeeka. Jina aliloitwa alipewa njiani. Jina la kwao alilisahau, na hilo ndilo lililomliza mpaka uzeeni, si mnyororo. Bibi alisema hayo huku akichambua mchele, bila kuinua kichwa.

Nikatoa nakala ya waraka, nikamsomea. Nilipofika mwisho wa mstari wa nne, wallahi, sikukusudia, ulimi wangu ulifanya kama ulimi wa baba. Nikarukia wa sita. Bibi akaacha mchele.

"Mbona umemeza?"

Nikanyamaza.

"Mimi sijui herufi, lakini najua mtu anapomeza. Soma."

Nikausoma mstari wa tano. Alikunja vidole akihesabu, kumi na wanne, akarudi kwenye vile vinne vya wadogo akavishika kwa mkono wa pili.

"Majina yao?"

"Hayamo, bibi."

"Na pembe? Zimeandikwa vipi?"

Hapo ndipo nilipotamani kuwa kweli wino ungefifia. Pembe zimeandikwa moja moja, kila moja na uzito wake kwa frasila, na moja imetajwa kuwa ina ufa. Nikamsomea hayo pia. Akatikisa kichwa polepole, akaurudia mchele wake, akaniambia nimalize mpaka mwisho. Nikamaliza: salamu kwa mama, salamu kwa jirani, na ombi la kofia mbili za kazi ya mkono atakazoletewa na msafara ujao. Bibi akauliza kama kofia zilifika. Nikasema sijui.

"Haya," akasema, "inua mikono tuwasomee."

"Tumsomee nani, bibi?"

"Yeye na wale kumi na wanne. Unataka nimtenge babu yako?"

Tukasoma Fatiha. Kaburi sikulipata. Alinielekeza kwenye uwanja wa makaburi penye miembe, nikazunguka mpaka alasiri nikaona mawe matupu na majani. Nilipokwenda kumuaga alinipa chupa ya mawese, akaniambia nimpelekee mke wangu, na kwamba nisiifungue ndani ya treni kwani harufu yake itanigombanisha na abiria. Niliifungua Tabora, na wakagomba.

Nilifika Mombasa salama. Mwezi wa Shaaban uliofuata kulikuwa na arusi ya mtoto wa ndugu yangu, ukumbi umejaa, na kama ilivyo desturi wakaniletea mfuko wa hariri. Nikausoma waraka wote, mstari kwa mstari, watumwa na pembe na frasila zake. Shangazi yangu mkubwa aliinuka, akajifunga buibui lake, akatoka kabla ya halua kuletwa. Mwaka mzima hakusema nami. Siku aliponiita tena alikuwa kitandani, mgonjwa, akaniambia nimsomee ule mstari tena, taratibu, kwa kuwa siku ile hakusikia vizuri wale watoto walikuwa wangapi.